Sura ya Nne: Kadi Inayoishia Bariadi

Machi 1, 2024, hospitali kadhaa kubwa za binafsi nchini Tanzania zilifunga dirisha la bima ya taifa. Mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, aliyefika asubuhi hiyo na kadi yake aliambiwa alipe fedha taslimu au aende hospitali ya serikali. Kilichogombaniwa ni kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma, dawa na vifaa ambavyo mfuko unakubali kulipia, na bei ya kila kimoja. Kitita kilichokuwepo kilikuwa cha mwaka 2016. Kipya kilipangwa kianze Januari 2024, kikasogezwa mbele ili wadau wasikilizwe, kikaanza Machi. Chama cha watoa huduma binafsi, APHFTA, kilisema bei zilizopangwa haziwezi kuendesha hospitali. Mfuko ukasema bei na matumizi ya zamani ndiyo yanayoumaliza. Ummy Mwalimu, aliyekuwa Waziri wa Afya, akakitetea kitita. Magazeti yakajaa.

Katika kelele zile zote, mguu wa bandia haukutajwa. Zilitajwa ada za kumwona daktari bingwa, bei za dawa, gharama za vipimo na kitanda. Na hilo halishangazi: mezani walikaa mlipaji na mlipwaji, kila mmoja akitetea hesabu zake. Asiye na mguu hana chama cha hospitali, hana kampuni ya dawa nyuma yake, na mara nyingi hana hata hiyo kadi ya NHIF inayogombaniwa. Wakati muswada wa bima ya afya kwa wote ukijadiliwa mwaka 2022, serikali yenyewe ilieleza kwamba Watanzania wenye bima ya afya ya aina yoyote ni kama asilimia 15: asilimia 8 NHIF, asilimia 6 Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, na asilimia 1 iliyobaki ndiyo bima za binafsi na za mifuko mingine. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua bima inamlipia nani kiungo bandia nchini kwetu lazima aanze kwa kukubali kwamba swali lenyewe linawahusu wachache. Kisha awageukie wengi.

Wengi hao nitawatafuta Maswa.

Wilaya ya Maswa ni moja ya wilaya tano za Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Makao yake ni Nyalikungu, mji mdogo ulio kwenye barabara ya lami inayotoka Mwigumbi kwenda Bariadi na kuendelea hadi Lamadi. Ni nchi ya pamba, mahindi, mtama, choroko, ng'ombe, na mpunga penye mabonde. Ardhi yake kwa sehemu kubwa ni mbuga: udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi kiasi cha kumeza kisigino, na mvua ikinyesha unanata hadi kiatu kinabaki nyuma. Naomba msomaji aukumbuke udongo huo. Mwandishi wa kitita cha mafao akiusahau, mguu wote unaharibika.

Mguu hapa hupotea kwa njia zile zile zinazojulikana kote nchini, ila kila njia ina chumvi yake ya mahali. Upo ugonjwa wa kisukari: kidonda kidogo cha kidoleni kisichosikia maumivu, kinachofungwa kitambaa wiki baada ya wiki mpaka nyama inakuwa nyeusi. Kuna kung'atwa na nyoka wakati wa kuchuma pamba au kuchunga, kisha mguu kufungwa kamba kwa nguvu ili sumu isipande. Kamba hiyo ikikaa saa nyingi inaua mguu ambao pengine sumu isingeuua. Mfupa uliovunjika nao hupelekwa kwa waganga wa kuunga mifupa, ambao wengine wana mikono mizuri kweli, lakini banzi likikazwa kupita kiasi damu haifiki chini. Na zipo pikipiki. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kubeba abiria kwa malipo, bodaboda zimewafikisha watu kliniki, mnadani na shuleni, na zimewafikisha wengi wodini. Hapo utawakuta vijana wamelala na miguu iliyofungwa kile ambacho kila mtu hospitalini anakiita antena, vyuma vinavyotokeza nje ya ngozi kushikilia mfupa. Mwenye bahati huondoka na mguu wake.

Asiye na bahati hukatwa, na hapo mfumo wetu wa afya hufanya kazi yake vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kukata mguu uliooza ni upasuaji unaookoa maisha, na si lazima mtu apelekwe Dar es Salaam ili ufanyike. Mgonjwa anapona, nyuzi zinatolewa, anapewa magongo, anarudi nyumbani. Kwenye vitabu vya hospitali ametoka akiwa mzima. Kuanzia siku hiyo anaingia kwenye eneo ambako kadi nyingi za bima hazifiki.

Ili tuone kwa nini, inabidi kujua mguu wa bandia unatengenezwaje, maana wengi hudhani unanunuliwa dukani. Kigutu kinapopona, hufungwa bandeji ya kubana ili uvimbe ushuke na kipate umbo. Halafu mtaalamu hukizungushia plasta laini, ikikauka anaivua, na ndani yake kunabaki nafasi yenye sura halisi ya kigutu cha mtu huyo mmoja. Anaijaza plasta nyingine, anapata sanamu ya kigutu. Anaichonga: anapunguza mahali ambapo mwili unaweza kubeba uzito, anaongeza mahali ambapo mfupa u karibu na ngozi ili usiumizwe. Juu ya sanamu hiyo hulaza plastiki iliyopashwa moto, na hiyo ndiyo soketi. Chini ya soketi hufungwa bomba la mguu na wayo. Mgonjwa anasimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia, anatembea hatua chache, mtaalamu anatazama bega, nyonga, goti, anakaza skrubu hii na kulegeza ile. Kisha mafunzo ya kutembea, kwa siku au wiki kadhaa.

Soketi ndiyo roho ya mguu. Wayo unaweza kuwa wa bei ghali kuliko vyote duniani, soketi ikibana vibaya mtu atauvua na kuuweka uvunguni mwa kitanda. Tena kigutu hakikai kama kilivyokuwa. Katika miezi ya mwanzo kinasinyaa, na soketi iliyokuwa sawasawa Januari inacheza ifikapo Juni. Mtoto ni shughuli nyingine kabisa, kwa sababu anakua, na mguu wake unatakiwa kurekebishwa au kubadilishwa kila baada ya miezi, si miaka. Mtu mzima naye, hata akitunza, atahitaji mguu mpya kila baada ya miaka michache, na katikati ya hapo soksi za kigutu, mikanda, skrubu na wayo. Aliyekatwa mguu akiwa na miaka 20 atatumia miguu mingi kabla ya kuzeeka. Bima inaununua mguu kama mtu anunuavyo jembe, mara moja, na kumaliza. Hilo ndilo kosa la msingi ninalotaka kulionyesha katika sura hii, na linakutwa katika nchi tajiri na maskini vilevile.

Wanaojua kazi hii tunao. Mwaka 1981 kilianzishwa Moshi, pembeni ya hospitali ya KCMC, chuo cha kufundisha wataalamu wa viungo bandia kinachojulikana kwa jina la TATCOT. Wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Mtu wa Lusaka au Kampala akivaa mguu mzuri, uwezekano ni mkubwa kwamba mikono iliyouchonga, au iliyomfundisha aliyeuchonga, ilipitia Moshi. Tanzania kwa hiyo imewasomesha mafundi wa bara zima, na hapa nina haki ya kukunja uso kidogo: mkulima wa Lalago, hapa hapa Maswa, hajui kwamba chuo hicho kipo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, inatoa huduma hiyo Dar es Salaam. CCBRT, iliyoanza mwaka 1994, nayo iko huko huko. Kwa Kanda ya Ziwa, rufaa kubwa huelekea Bugando, Mwanza.

Sasa tuseme mtu wa Malampaka, huko kwenye stesheni ya reli, amekatwa mguu chini ya goti na kaya yake ina CHF iliyoboreshwa. Huo ndio mfuko ulioenea vijijini baada ya mageuzi ya mwaka 2018, kwa mchango uliopangwa wakati huo wa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Kwa bei hiyo ni mfuko uliofanya mema mengi, na wanaoudharau hawajawahi kutafuta Sh 30,000 mwezi wa Februari, pamba ikiwa bado shambani na ghala likiwa tupu. Lakini huduma zake zilipangwa zianzie zahanati na zikomee hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa mtu wa Maswa maana yake ni Nyaumata, Bariadi, kama kilomita 50 kutoka Nyalikungu. Mguu wa bandia hutengenezwa mbele ya hapo. Kadi ilimfuata mpaka kwenye kisu, ikamwacha kabla ya soketi.

Jirani yake ni mwalimu wa shule ya msingi. Huyu anakatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi, mwajiri anaongeza asilimia 3, naye ni mwanachama wa NHIF, mfuko ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001 ukiwa wa watumishi wa umma. Kadi yake inavuka Bariadi, inafika Bugando na Muhimbili, na vifaa vya mifupa vimo katika mafao ya mfuko tangu zamani. Hata hivyo lazima apate rufaa, na kwa vifaa vingi apate idhini ya mfuko kabla ya kutengenezewa, na bei haipiti kiwango kilichoandikwa kwenye kitita. Hapo ndipo ugomvi wa Machi 2024 unapomgusa bila yeye kujua. Bei ikiandikwa chini ya gharama halisi, karakana ina njia mbili: kukataa, au kutumia malighafi ya bei rahisi. Njia ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani siku hiyo.

Jirani mwingine ni mwajiriwa wa kiwanda cha kuchambua pamba. Mashine ikimkata mkono akiwa kazini, anaingia katika mlango ambao wafanyakazi wengi hawaujui: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kukusanya michango Julai 2015. Mchango unatoka kwa mwajiri peke yake. Mafao yake hayaishii kwenye matibabu na fidia. Yamo pia ya utengamao, ili mtu arudi kazini. Kwa maoni yangu hii ndiyo sheria yetu iliyofikiri vizuri kuliko zote kuhusu kiungo kilichopotea, maana haiulizi kifaa ni bei gani kabla ya kuuliza mtu huyu atafanyaje kazi. Tatizo ni mpaka wake. Mkono uliokatwa na mashine ya kiwanda una mfuko. Mkono uliokatwa na mashine ya kukoboa ya mwenyewe, nyumbani kwake, hauna. Mguu wa mwenye plau na ng'ombe wake wawili hauna mwajiri.

Na bodaboda? Kila pikipiki inatakiwa na sheria kuwa na bima, angalau ile ya mtu wa tatu. Aliyegongwa ana haki ya kudai kwa kampuni ya bima, na dai la kupoteza mguu lilipaswa kubeba gharama za kiungo bandia za maisha yote. Watu hulipwa kidogo, wakasaini, wakashukuru. Dereva mwenyewe, kwa bima ya namna hiyo, si mtu wa tatu. Akianguka peke yake kwenye kokoto za Sangamwalugesha, stika iliyobandikwa kwenye pikipiki yake haimsaidii kitu.

Imebaki ile asilimia 1, bima za afya za makampuni binafsi, ambazo ziko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Hizi huuzwa kwa mikataba, mara nyingi kwa waajiri wa mijini, na kila mkataba una ukurasa wa yale yasiyolipiwa na ukomo wa kila fungu. Ukipewa kitabu cha mafao cha kampuni, anzia nyuma. Tafuta neno viungo bandia au vifaa saidizi, uone liko upande gani, kisha uangalie kama ukomo ni wa mwaka, wa familia au wa maisha. Ukomo wa maisha kwa mguu ni mzaha, kwa sababu nimekwisha kueleza mguu mmoja unaishi miaka mingapi.

Huko Australia serikali ilikwishalichukua suala hili la bima binafsi kulipia viungo bandia mikononi mwake, na matokeo yake yanafundisha. Kuna orodha ya viungo bandia inayosimamiwa na wizara ya afya, na sheria ya bima binafsi ya mwaka 2007 inazilazimisha kampuni kulipa angalau kiasi kilichoandikwa kwa kila kifaa kilichomo, mwanachama akiwekewa hospitalini chini ya bima inayohusu matibabu hayo. Orodha ilivimba ikapita vifaa 10,000. Mwaka huo huo wa 2007 Robert Doyle aliiandikia serikali ripoti ya mapitio ya mpango huo. Malalamiko hayakwisha: kampuni za bima zilisema zinalipa nyonga ile ile bei kubwa kuliko hospitali za umma, watengenezaji wakasema bei ikishushwa vifaa vipya havitaingia nchini. Mwaka 2021 serikali ikatangaza mageuzi, bei zikaanza kusogezwa karibu na za hospitali za umma, na Julai 2023 orodha ikapewa jina jipya.

Lakini angalia kilichomo. Nyonga, magoti, betri za moyo, stenti, lenzi za macho: vitu vinavyoingia ndani ya mwili kwa upasuaji. Mguu wa kuvaa na kuvua haumo. Miaka yote ya mapitio, mabilioni ya dola ya mabishano, neno lenyewe kiungo bandia lilikuwamo kwenye jina hadi mwaka 2023, na mtu anayevaa mguu amesimama nje ya ukumbi, akihudumiwa na mipango mingine ya serikali.

Sababu ni ile ile ya ugomvi wetu wa kitita. Kifaa cha ndani kina watetezi wengi. Daktari bingwa anakitaka ili afanye upasuaji, hospitali inalipwa kwa upasuaji huo, muuzaji ana mwakilishi anayepita kwenye korido na mkoba, na mgonjwa anaingia akiwa na kitanda, faili na ankara moja. Lenzi ya mtoto wa jicho na nyonga ya MOI zina utukufu wa chumba cha upasuaji. Mguu wa nje unatengenezwa na mtu mwenye aproni iliyochafuka plasta, kwenye karakana iliyo nyuma ya majengo, na unahitaji kumrudia mtu huyo huyo mwaka hadi mwaka. Hauna ankara moja kubwa ya kugombania. Kwa hiyo haugombaniwi.

Shirika la Afya Duniani lilijaribu kuurudisha ndani. Mwaka 2016 lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, miguu ya bandia ikiwemo, ili kila nchi ichague vya kwake kama inavyofanya kwa dawa muhimu. Mwaka 2022, pamoja na UNICEF, likaripoti kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, miwani na vifaa vya kusikia vikihesabiwa humo. Nchi iliyo karibu nasi iliyochukua hatua ya wazi ni Rwanda. Bima yake ya jamii, ile mitiweli ambayo karibu kila mwanakijiji anayo, kwa miaka mingi haikulipia viungo bandia. Januari 2025 serikali ilipotangaza viwango vipya na huduma mpya zitakazolipiwa, viungo bandia vikawa miongoni mwake. Kenya nayo, ilipoachana na NHIF yake na kuingia mfumo mpya Oktoba 2024, sheria yake ya mwaka 2023 iliunda jopo la kushauri juu ya mafao na bei. Wakenya wanaulalamikia sana mfumo wao mpya, na wana sababu, lakini jopo lenye jina ndani ya sheria ni kitu ambacho raia anaweza kukielekezea kidole.

Kwetu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa bungeni Novemba 2023 baada ya muswada kuahirishwa zaidi ya mara moja. Inamtaka kila mkazi awe na bima, inaweka kitita cha msingi ambacho kila skimu itakitoa, na inaanzisha mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Vyanzo vya mfuko huo vilivyotajwa wakati sheria inapita vinapendeza ukivisoma ukiwa Maswa: sehemu ya ushuru wa vinywaji baridi, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha, na ada ya bima ya vyombo vya moto. Soda inayochochea kisukari na pikipiki inayovunja mfupa zitachangia matibabu. Sijui kama waliokaa Dodoma walikusudia haki hiyo ya kimaumbile, lakini imetokea.

Hoja kubwa wakati ule ilikuwa mchango. Zilitajwa Sh 340,000 kwa kaya ya watu sita na Sh 84,000 kwa mtu mmoja, na kila mtu akapigia hesabu mfuko wake. Ni haki. Ila wakati tunabishana juu ya kinachoingia, hatukubishana vya kutosha juu ya kinachotoka, na orodha kamili ya kinachotoka, pamoja na bei zake, haimo katika vifungu vya sheria. Imo kwenye kanuni na majedwali yanayoweza kubadilishwa bila Bunge kukaa. Jedwali la kurasa nyingi lenye bei za vifaa halina mvuto kwa mtu yeyote isipokuwa yule ambaye mguu wake uko kwenye mstari wa 400.

Mstari huo ukiandikwa "mguu bandia chini ya goti, mmoja," na bei mbele yake, kazi imeharibika. Unatakiwa useme soketi itabadilishwa lini, mtoto atarudi mara ngapi, matengenezo yanalipwa na nani, na mafunzo ya kutembea yamo au hayamo. Unatakiwa pia useme wayo gani. Hapa narudi kwenye ule udongo. Wayo wa kawaida wa karakana nyingi uliundwa uvaliwe ndani ya kiatu, juu ya sakafu. Mwaka 1968 huko Jaipur, India, fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi walitengeneza wayo wa mpira unaoweza kukanyagwa peku, kuchuchumalia na kuingia nao kwenye majaruba ya mpunga, kwa sababu ndivyo wagonjwa wao walivyoishi. Shirika lililoanzishwa huko mwaka 1975 limeusambaza bure kwa watu wengi, na kambi zake zimefika Afrika. Ubora wa mguu ule ulianza na swali: huyu mtu anakanyaga wapi? Mkulima wa mbuga za Maswa anastahili kuulizwa swali hilo hilo kabla ya bei kupangwa.

Kambi za kugawa miguu bure ninaziheshimu, na ninaziogopa. Wageni wanakuja, wanapima, wanavalisha, picha zinapigwa, mkuu anahutubia, na wote wanaondoka. Miezi sita baadaye kigutu kimesinyaa, skrubu imelegea, na hakuna wa kuikaza. Sadaka hutoa mguu. Haitoi fundi wa kumrudia. Ndiyo maana jambo hili ni la bima, yaani la fedha inayorudi kila mwaka.

Kisha kuna nauli. Mtu wa Malampaka au Shishiyu hamalizi mguu kwa safari moja: kuna kupimwa, kujaribishwa, kujifunza kutembea, kurudi kukaza. Kila safari ina basi, ina mtu wa kumsindikiza, ina mahali pa kulala Mwanza na chakula. Hakuna kitita nikijuacho kinachohesabu hayo, na mara nyingi ndiyo yanayomrudisha mtu kwenye magongo. Wapo wanaopendekeza fedha zaidi. Mimi ningeanza na karakana ndogo Nyaumata: tanuri la kupashia plastiki, plasta, vyuma viwili vya kujifunzia kutembea, na mhitimu mmoja wa Moshi mwenye mshahara. Mguu wa kwanza utengenezwe Bugando ikibidi, lakini kukaza, kupanua soketi na kubadilisha wayo kufanyike Bariadi. Kadi inayoishia mkoani ingekuwa na kitu cha kulipia mkoani.

Tena halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na katika hiyo fungu moja ni la watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa baadaye kwa utaratibu mpya. Ni mpango mzuri. Lakini kumkopesha mtu mtaji wa kuku kabla hajapata mguu wa kumfikisha bandani ni kuanzia kwenye mkia wa jambo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliweka utengamao kuwa haki. Haki hiyo ikidaiwa kwa afisa ustawi wa jamii na si kwenye dirisha la bima, inageuka kuwa hisani.

Kwa hiyo, msomaji wa Maswa, Itilima au Meatu, ukisikia tena kwamba kitita kinapitiwa upya, usisubiri hospitali na mfuko wamalizane. Mwulize mbunge wako na diwani wako mambo matatu kwa maneno haya haya: mguu wa bandia umo kwenye kitita cha msingi, soketi inabadilishwa kila baada ya muda gani, na huduma inapatikana umbali gani kutoka kijijini? Mwenye bima ya kazini afungue mkataba wake leo na kusoma ukurasa wa yasiyolipiwa. Aliyeumia kazini aulizie WCF kabla hajauza ng'ombe, na aliyegongwa na pikipiki asisaini malipo yoyote ya bima kabla mtaalamu wa viungo bandia hajamwandikia gharama za miaka yake iliyobaki.